Senene Kabla ya Kung'oa Magego

Mama mkwe wangu alianza kukaanga senene akiwa bibi harusi, na mpaka juzijuzi alikuwa hajawahi kula hata mmoja. Nasema hili mapema ili mtu asije akadhani natunga. Hata mguu alikuwa hajauonja. Misimu yote ya maisha yake amewaokota, amewanyonyoa, amewakaanga mpaka harufu ikavuka migomba na kuingia kwa jirani, amewapeleka sebuleni akapiga magoti, kisha amerudi jikoni kula ndizi na maharage. Mimi jambo hilo lilikuwa likinichoma roho. Yeye nilidhani halimsumbui.

Kwa asiyewajua, senene ni panzi wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka, wengine kijani, wengine kahawia. Wanashuka usiku, na alfajiri unawakuta wamejaa kwenye nyasi, wamelowa umande, hawana nguvu za kuruka. Hapa kwetu Karagwe, na kwa ndugu zetu wa Kyerwa, hicho ni chakula cha heshima. Nyama unaweza kumpa mgeni yeyote aliyepita njia, lakini senene unampa mtu unayempenda. Zamani kazi ya mwanamke ilikuwa kuwaokota na kuwapika, kazi ya mwanamume ilikuwa kula, na msimu ukiisha anamnunulia mkewe kitenge cha asante. Mama mkwe ana sanduku limejaa vitenge vya senene. Ukilifungua unaweza kudhani umeingia duka la vitenge mjini Kayanga.

Sababu ya kuwanyima wanawake walisema ni hii: ukila, utazaa mtoto mwenye kichwa cha senene, kimechongoka mbele. Haya. Mimi nimekula senene tangu niko shule ya msingi, na wanangu wana vichwa vya mviringo, safi kabisa. Kwetu Rugera mama yangu alikuwa ameshauvunja mwiko huo kabla sijazaliwa. Alikuwa akisema, "Mdudu nimwokote mimi, nimpike mimi, halafu nibaki nameza mate? Thubutu!" Kwa hiyo nilipoolewa huku Chonyonyo na kukuta kwa wakwe zangu mambo bado ni yaleyale, nilishika adabu tu. Nyumbani kwangu, upande wa pili wa shamba la kahawa, mimi na mume wangu tunakula sahani moja. Kwa baba mkwe, sahani ya senene ikipita mbele yangu, nilikuwa naangalia kalenda ya kanisa ukutani.

Basi mwaka jana, Jumapili moja kabla mvua hazijaanza, tulikuwa nyuma ya jiko la mama mkwe tunamenya ndizi. Binti yangu, ambaye yuko sekondari, alikuwa na simu yangu anaangalia video badala ya kutusaidia. Nikamwambia kama hutaki kumenya basi tuonyeshe na sisi hicho kinachokuchekesha. Akaigeuza simu. Ilikuwa sokoni huko Thailand. Sinia zimepangwa, zimejaa wadudu wa kukaanga: panzi, nyenje, funza weupe wa kwenye mianzi, na mende wa majini wakubwa, kila mmoja kama kidole gumba. Bibi mmoja alikuwa anakaanga panzi kwa majani ya mlimau na pilipili, na mwenzake wa pembeni anauza mayai ya sisimizi, anasema ni ya kutia kwenye supu.

Nilidhani mama mkwe atasema "shetani ashindwe" na kuendelea na ndizi zake. Lakini aliweka kisu chini, akaisogelea simu.

"Mbona hawajawanyonyoa miguu?" akauliza.

"Sijui, bibi. Huko ndivyo wanavyofanya."

"Itawakwaruza koo. Na moto huo umezidi. Angalia, wa pembeni wanaungua." Alikuwa anaongea kama fundi anayemkosoa fundi mwenzake, bila chuki, kwa kujali kazi tu. Kisha yule muuzaji akachota panzi kwa vidole, akawatupia mdomoni mwake mwenyewe, akatafuna huku anacheka na wateja.

Mama mkwe akainamia kioo. Halafu akasema, "Huyo ni mwanamke?"

"Ndiyo, bibi."

"Rudisha."

Binti akarudisha. Bibi wa Thailand akala tena, akacheka tena. Mama mkwe akatazama mpaka mwisho, akachukua kisu chake, akamenya ndizi nzima kimya. Kisha bila kuniangalia akasema, "Hata mimi nataka kujua wana ladha gani."

Mawe, mama yangu! Nilikaribia kujikata kidole. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwonea huruma mtu niliyedhani hana habari, kumbe alikuwa na hamu yake ameikalia kimya. Nikaruka palepale, maana mimi subira sikuzaliwa nayo. Nikamwambia, "Mama, senene wakianguka tu, nakuwekea bakuli lako hapahapa jikoni. Mlango tunafunga. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," akasema. "Sikuingia nyumba hii kuwa mwizi. Nikila, nitakula mzee ananiona."

"Basi mwombe mzee."

"Siombi."

"Sasa mama, huibi, huombi. Watakufikaje, kwa miguu yao?"

Akacheka. "Anipe mwenyewe," akasema. "Mimi nimempa tangu nikiwa msichana. Na yeye ana mikono."

Labda hayo yangepita kama maneno ya Jumapili. Lakini haikupita muda mama mkwe akavimba taya, nikampeleka hospitali. Daktari wa meno alikuwa kijana mpole, alimwamkia "shikamoo, bibi" kabla hajamwambia afungue mdomo. Akaangalia, akagusagusa, akatueleza kwamba magego yaliyobaki yote yamelegea, hayafai tena. Angempa dawa ya kutuliza, na mwaka mpya ukishaingia arudi ayang'oe. Mama mkwe akamsikiliza kwa heshima. Akauliza swali moja tu: "Nikishang'olewa, nitatafunia nini?"

"Utakula vyakula laini, bibi. Uji, mtori, ndizi za kuponda. Utazoea."

Tulirudi kwa bodaboda, sisi wawili nyuma ya dereva, yeye katikati. Kule kwenye mteremko alinigeukia, akanisemea sikioni kwa hasira kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyemtengenezea hayo meno: "Senene si uji."

Tangu siku hiyo nilijua anachokitaka na nilijua muda wake. Alikuwa na msimu mmoja. Baada ya hapo hata mzee angempa gunia zima, angebaki kuwanyonya kama peremende. Nikawa naamka nachungulia nje kila alfajiri kabla hata ya kuwasha moto.

Na senene wenyewe, kwa ukorofi wao, hawakuja. Mvua zilinyesha vizuri, maharage yakachipua, mjini watu wakasimamisha mabati na mataa yao makali ya kutegea senene, wakakaa macho bure. Mwezi wa senene ukaisha bila senene. Wazee wakasema wamepita juu, wameenda Uganda. Na kweli, huko Murongo mpakani walikuwa wanauzwa, wamevushwa kutoka upande wa pili wakiwa tayari wamekaangwa, wamefungwa kwenye mifuko. Nikamwagiza shemeji yangu anayefanya biashara huko, akaniletea mfuko. Nikaukimbiza kwa mama mkwe kama mtu aliyeokota dhahabu.

Akaufungua, akanusa, akaufunga.

"Hawa amewapika nani?"

"Sijui, mama. Mtu wa Uganda."

"Sasa nimpelekee mzee senene wa mtu wa Uganda, nimwambie nini? Wapelekee watoto."

Watoto walifurahi. Mimi nilikasirika mpaka nikamgombeza mume wangu, ambaye alikuwa amekaa tu anakunywa chai. Nikamwambia wewe ni mtoto wa kiume wa nyumba ile, nenda ukaseme na baba yako, mama yako anataka kitu kidogo hivi. Akasema, "Hayo ni ya wenyewe." Nikamwambia wenyewe ni akina nani, wewe umeokotwa? Akamalizia chai yake, akaenda kuangalia mbuzi.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilimkuta baba mkwe barazani kwake anatengeneza mpini wa jembe. Ni mtu mrefu, mkimya, anayesikiliza redio kwa sauti ndogo mpaka unashangaa anasikia nini. Nikapiga magoti, "Shikamoo, baba," akaitikia, akaniuliza habari za mbuzi. Nikamjibu za mbuzi. Kisha nikaanza kuzunguka. Nikamwambia kwamba dunia ina mambo, kwamba kule Thailand wanawake wanakula wadudu sokoni, mchana kweupe.

"Watu wa huko wana yao," akasema.

"Na watoto wao, baba, wana vichwa vizuri tu."

Akaacha mpini. Nikaona nimevuka mpaka, maana kwa mkwe husemi hivyo. Lakini hakukasirika. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, mama yangu alikufa hajala. Bibi yangu alikufa hajala. Walinilea wao. Mimi leo nitasimama wapi niseme walikosea?"

Mimi mwenye mdomo, nikabaki nachora sakafu kwa kidole.

"Amekutuma?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Najua. Yeye hamtumi mtu." Akarudi kwenye mpini wake. Nikaondoka nimeinamisha kichwa, nikipita kwenye kahawa nikijisemea kwamba basi, tumeshindwa. Moyoni hata nilimwelewa mzee, na hilo lilinikera zaidi.

Sikukuu ilikuwa inakaribia, tumeshakata tamaa, ndipo alfajiri moja nikasikia mtu anapiga kelele kutoka kilimani: "Wameanguka! Wameanguka!" Sikuvaa hata kandambili zinazofanana. Ukungu ulikuwa mzito, na kila jani la nyasi lilikuwa na senene wake, wengine wawili wawili, kijani na kahawia. Wanawake walikuwa wanatoka kila upande na ndoo, madumu na mifuko ya unga, wanacheka, wanatukanana kwa upendo. Na pale juu kabisa, kabla yetu sote, alikuwa mama mkwe, amejifunga kitenge kiunoni, anaokota kwa mikono miwili. Magoti yale ambayo hulalamika akienda kisimani, siku hiyo hayakuwa na neno.

"Umelala mpaka saa hizi?" akanipigia kelele. "Mke gani wewe! Mume wako atakula nini, macho yako?"

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Tuliokota mpaka jua likapenya na senene wakapata joto, wakaanza kuruka. Nguo zilikuwa zimelowa mpaka mapajani. Senene mmoja aliniuma kidoleni nikatoa ukelele, mama mkwe akasema, "Anakulipa, wewe umekula ndugu zake wengi." Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu aliyewahi tu kuwanunua kwenye mfuko.

Tuliketi kwenye mkeka nyuma ya jiko tukanyonyoa, mbawa huku, miguu huku, vidole tumevipaka majivu wasituteleze. Kuku walikuwa wametuzunguka, wamefura kwa ulafi. Sikumwuliza chochote. Nilikuwa nimeahidi moyoni kufunga mdomo wangu, na nilifanikiwa, ingawa ilikuwa kazi kuliko kunyonyoa. Kisha akawaosha, akabandika chungu, akawamimina bila mafuta, maana senene hujikaanga kwa mafuta yao. Akakoroga taratibu, akapunguza kuni, akatia kitunguu, akatia chumvi kwa kiganja chake. Walipoanza kulia kwa ukavu, akawapakua kwenye kisahani cha ukindu alichokitandika jani la mgomba.

Mume wangu alikuwa ameshafika, pua imemleta. Yuko sebuleni na baba yake, wamekaa kwenye viti, wote wawili kama watu wasiojua kinachoendelea. Mama mkwe akabadilisha kitenge, akavaa kipya. Akaingia, nami nyuma yake na maji ya kunawa. Akapiga magoti, akamkabidhi mumewe kisahani kwa mikono miwili. Mzee akapokea kwa mikono miwili. Akasema maneno ya siku zote: "Umefanya kazi, mama. Wanapendeza." Akatia mmoja mdomoni, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Hapo ndipo mama mkwe huinuka akatoka.

Hakuinuka. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameikunja kando, mikono mapajani, anamtazama mzee usoni. Mzee akala wa pili, akasubiri. Akala wa tatu. Mama mkwe yuko palepale. Mume wangu akanitazama mimi, mimi nikaitazama ile kalenda, lakini siku hiyo nilichungulia. Niliona mkono wa mzee umesimama juu ya kisahani, hauendi mdomoni, haurudi. Aliutazama mlango, kana kwamba kuna mtu anamngoja pale. Nadhani alikuwa anawaomba ruhusa akina mama zake, sijui. Mimi bado nimelishika birika la maji ya kunawa.

Akachota. Akachagua mmoja mnene, wa kahawia, akanyoosha mkono, akasema kwa sauti ndogo kuliko ya redio yake, "Shika."

Mama mkwe akakinga viganja viwili. Akaweka mdomoni, akafumba macho. Alimpeleka kwenye magego ya upande wa kushoto, yale yaliyokuwa na afadhali, akatafuna polepole. Tulisikia sauti ya kutafuna chumba kizima. Machozi yalikuwa yananilengalenga, nawaambia ukweli, kwa ajili ya mdudu.

Akameza. Akafumbua macho. Akakunja uso.

"Chumvi imezidi," akasema.

Akamtazama mzee. "Leo nimezidisha?"

Mzee akakohoa. "Leo siyo sana."

"Leo siyo sana?" Akageuka kwa mwanawe. Mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa anahesabu mabati ya dari. Mama mkwe akageuka tena kwa mzee. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoletwa," mzee akasema.

"Na wewe unakula tu! Na watoto wanakula! Kila msimu, 'umefanya kazi, mama, wanapendeza'! Kwa nini hukuniambia?"

Mzee akakiweka kisahani magotini. Akajibu akitazama mikono yake, "Ningekuambiaje? Mtu ukimwambia chumvi imezidi, ataonja apunguze. Wewe nilikunyima kuonja. Nikaona basi, nile."

Niliona mabega ya mama mkwe yanatikisika, nikadhani analia, nikataka kuweka birika chini nimfuate. Kumbe alikuwa anacheka, na kulia pia alikuwa analia, vyote pamoja, amejifunika uso kwa ncha ya kile kitenge kipya. Mzee akainuka kwenye kiti chake, magoti yakalia, akashuka akaketi mkekani kando yake. Akakiweka kisahani katikati yao.

"Nipe maji," mama mkwe akaniambia. "Na huyu mpe. Maskini, ana kiu ya ujana wake wote."

Nikawamiminia wote wawili. Wakala mpaka wakaliona jani la mgomba, mama mkwe akitafunia kushoto, akikunja uso kila mara na kuchukua mwingine. Mzee aliponyoosha mkono kwa wa mwisho, mama mkwe akampiga kofi dogo kwenye vidole, akamchukua senene huyo yeye mwenyewe.

"Kesho nakaanga waliobaki," akasema mdomo umejaa. "Nitaonja kwanza mimi. Wewe utasubiri."

"Nitasubiri," mzee akasema.